Mzee Studio na Fedha Isiyoonekana

Ukitazama picha za watu waliopigwa Karatu kabla ya lami kufika, utadhani wote walikuwa wametoka kukemewa. Maharusi wamekunja uso, waliopata kipaimara wamekunja uso, hata mtoto wa miezi sita aliyeshikiliwa kwapani na mkono ambao mwenyewe haonekani anakutazama kama hakimu. Kosa si lao. Studio iliyoaminika ilikuwa moja tu, na mwenye studio hiyo hakutaka mtu acheke. Alisema kicheko ni cha dakika moja na picha ni ya miaka hamsini, kwa hiyo anayecheka mbele ya kamera atakuwa na miaka arobaini na tisa na ushee ya kujuta.

Watu walimwita Studio. Hakuwa Mwenye Studio wala Bwana Picha. Alikuwa Studio tu, kama vile nyumba na mtu ni kitu kimoja. Mkewe alikuwa Mama Studio. Sisi tuliokuwa wadogo kwake tuliongeza Mzee mbele, kwa adabu. Jina lake la kweli nililijua, lakini sikuwahi kulitumia mbele yake na sioni sababu ya kuanza sasa.

Ninayo picha aliyonipiga nilipomaliza darasa la saba. Nimevaa koti la kaka yangu, mikono imefunika vidole vyote. Siku ile nilijiona nimefanana na daktari. Nikiitazama leo naona koti lililosahauliwa juu ya kiti, na juu ya koti hilo kuna kichwa.

Tulianza kuzoeana baadaye, nilipokuwa nasubiri majibu ya kidato cha sita. Kusubiri majibu ni kazi isiyo na jembe, na nyumbani kwetu Rhotia majembe yalikuwa mengi, kwa hiyo kila asubuhi nilipata sababu ya kushuka mjini. Studio alikuwa na benchi la wateja lisilojaa, nami nikalijaza. Alinivumilia kwa sababu niliuliza maswali ya sayansi, naye alipenda kuyajibu. Mimi nilidhani ananivumilia kwa akili zangu.

Ukitaka kumkasirisha, ungegusa maji yake. Alikuwa na mapipa matatu ya maji ya mvua nyuma ya nyumba, na hakukinga mvua yoyote tu. Mvua ya kwanza ya msimu aliiacha ioshe bati, ya pili ioshe mifereji, ya tatu ndiyo aliyoikinga, kisha akaichuja mara mbili kwa kitambaa cheupe ambacho Mama Studio alikatazwa kukifulia sabuni. Siku moja mchungaji alikuja na kiu akaomba maji ya pipa. Alipewa ya bomba. Studio alimweleza, kwa heshima zote, kwamba ya mvua ni ya picha. Maji ya bomba yana chumvi kidogo, alisema, ulimi hauioni lakini fedha inaiona. Sentensi hiyo niliisikia labda mara mia. Niliisikia jinsi mtu anavyosikia tangazo la mkutano wa kijiji kingine.

Kwenye mambo ya dini alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni zake alizitunga mwenyewe. Jumapili hakufungua studio hata kwa mkuu wa wilaya. Lakini akitoka ibadani alivua koti, akaingia chumba cha giza na kusafisha picha mpaka jioni. Mama Studio alimuuliza hilo mbele yangu, bila ukali, kama mtu anayeuliza njia. Akajibu kwamba Jumapili iliumbiwa mwanga, na mle ndani mwanga haumo. Mama Studio akanitazama mimi kama vile ningeweza kusaidia. Nilikuwa na fizikia ya kidato cha sita tu, sikuweza.

Kanuni nyingine ilikuwa kwamba kamera haitoki nje. Nje hakuna kuta, alisema, na mwanga ni mgeni: mpe kiti, usimwachie nyumba. Halafu akaja mzee mmoja kutoka Olbalbal, Mmasai mrefu mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, aliyetembea siku mbili na ng'ombe dume mmoja ili amfikishe mnadani. Alitaka apigwe picha naye kabla hajamuuza. Studio akakataa. Akakataa mara ya pili na ya tatu, na kila mara akaeleza habari za kuta. Yule mzee hakubishana. Alikaa mlangoni, akaegemeza fimbo begani, akatulia. Ilipofika saa nane Studio alichukua kamera na miguu yake mitatu, akamfuata mnadani. Nilikwenda nyuma yao nimebeba pazia ambalo halikutumika. Alihangaika na yule dume karibu saa nzima, na ninaweza kushuhudia kwamba huyo ndiye mteja pekee aliyekunja uso bila kuambiwa. Miaka yote baadaye, ukimkumbusha, alikuuliza ni nani kakwambia, yeye hatoki nje. Picha yenyewe ilikuwa imetundikwa ukutani nyuma ya kichwa chake.

Watalii hakuwapenda. Alisema wanapiga picha jinsi kuku anavyodonoa, mia wapate moja. Hata hivyo alijua kila aina ya filamu waliyotumia, aliwauzia, na waliokwama na kamera iliyogoma aliwafungulia chumba cha giza na kuwaokolea safari nzima, bila wao kujua jinsi alivyokuwa akiwasema kwa Kichaga. Kisha siku moja Mzungu mmoja mwenye uso ulioungua na jua akamwonyesha mgongo wa kamera yake, na picha ya faru ikawa imetulia pale, imeiva tayari. Studio akauliza filamu iko wapi. Akaambiwa hakuna filamu. Akaigeuza ile kamera pande zote, akairudisha kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha mtoto wa watu, akaingia ndani. Nilimkuta anaosha trei ambazo siku ile hazikuwa zimetumika.

Dawa yake ya mwisho, ile inayofanya picha isiendelee kuwa nyeusi, aliiita haipo. Ni jina la Kiingereza, hypo, lakini mimi sikujua. Kwa wiki mbili nilimuuliza kilichomo kwenye ndoo ile ni nini, akanijibu, "Haipo," nami nikasema lakini naiona, akasema ndiyo, haipo. Nilifikia kudhani mzee ameanza kuchoka akili. Alipogundua nilipokwama, alicheka mpaka akashika ukuta, na hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona akicheka.

Alinieleza basi. Kwenye karatasi ya picha kuna fedha, fedha hii hii ya pete na vikombe. Iliyoguswa na mwanga hubaki na kuwa weusi wa picha. Isiyoguswa huyeyukia kwenye haipo na kuondoka. Wapiga picha wengine walimwaga haipo iliyochoka. Yeye aliitia kwenye ndoo, akatumbukiza waya za kusugulia sufuria, na baada ya siku chache zile waya zililika na chini kukabaki tope jeusi. Tope hilo lilikuwa fedha ya nyuso za watu wa Karatu, ile ambayo haikutakiwa na picha. Kila lilipofika kiasi alimpelekea mhunzi aliyejua kuliyeyusha kwa moto mkali. Kwa miaka kumi na mitano alipata donge moja la ukubwa wa gololi, akalihifadhi kwenye kikopo cha filamu. Lilikuwa la pete ya Mama Studio, ambaye tangu ndoa yao alivaa pete ya shaba iliyomwachia alama ya kijani kidoleni. Mama Studio alijua habari za donge. Alikuwa akiuliza hali yake kama watu wanavyouliza hali ya mimba.

Nilifaulu, nikaenda chuo Dar es Salaam kusoma fizikia. Nilipofika hatua ya mradi wa mwisho, msimamizi wangu, mwanamama mwenye subira nyingi, alinipa makala moja kuhusu nyuzi za fedha. Nyuzi zenyewe ni nyembamba mno. Mia kadhaa zikilala ubavu kwa ubavu ndipo zifikie unene wa unywele. Ukizimwaga juu ya plastiki nyembamba zikalala ovyoovyo, kama fito zilizoanguka juu ya paa, mwanga unapita kwenye nafasi zilizo kati yake, na umeme unatembea juu ya fito, ukivuka kutoka moja hadi nyingine pale zinapokutana. Unapata plastiki unayoona ng'ambo yake, unayoweza kuikunja, na bado inapitisha umeme.

Nilipoteza kichwa kabisa. Likizo ile nilirudi Karatu na koti jeupe la maabara na nikalivaa mjini. Muuza nyama alidhani mimi ni bwana afya akaniongezea ini bila kuombwa. Niliwatangazia madereva wa safari kwamba siku si nyingi kioo cha gari kitajipasha joto chenyewe, na ukungu wa kule ukingoni mwa kreta utakimbia bila kufutwa. Wakaniambia wao hutumia kiazi kilichokatwa nusu. Mama yangu naye alieleza majirani kwamba mwanawe anatengeneza nyuzi za fedha, na kwa kuwa lugha yetu imeita madini na pesa kwa neno moja, mjomba alikuja kutoka Oldeani kuuliza, kwa sauti ya chini, kama noti tunazichapa hapohapo chuoni.

Studio peke yake ndiye aliyesikiliza mpaka mwisho. Aliuliza fedha ya kuanzia naipata wapi. Nikamwambia ukweli, kwamba chumvi ya fedha maabara imekwisha na nyingine imeagizwa, na kuagizwa ni neno tu. Aliingia ndani. Nilisikia wanaongea, yeye kidogo, Mama Studio kidogo zaidi. Alitoka na kikopo cha filamu akakiweka mkononi mwangu. Nilipaswa kukirudisha palepale. Badala yake niliuliza kama ana uhakika, jambo ambalo watu huuliza wakiwa wameshafunga vidole.

Chuoni niliyeyusha lile donge kwa asidi chini ya macho ya msimamizi, nikapata fuwele nyeupe, nzuri kama sukari iliyotakaswa. Kijiko kimoja nilikitenga kwenye chupa nyeusi. Zilizobaki nilitakiwa kuziyeyusha tena kwenye maji yaliyokenekwa, yale safi ya maabara, ili nizichuje. Maji hayo yalikuwa jengo la pili. Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa kantini walipika pilau, na pilau la kantini halikumsubiri mwanasayansi. Nilifungua bomba.

Chupa nzima iligeuka nyeupe. Kwa nusu dakika niliamini nimegundua kitu. Kisha nikamsikia Studio, wazi kama yuko nyuma yangu, akimweleza mchungaji habari za chumvi na fedha.

Ningeweza kumwita msimamizi. Ningeweza kuiziba ile chupa na kufikiri. Nilichofanya ni kuimwaga kwenye sinki na kuliacha bomba likimbie mpaka weupe wote umekwenda, huku nikitazama mlango. Pilau niliwahi. Sikumbuki ladha yake.

Jumapili Studio alipiga kwa simu ya mkewe kuuliza hali. Nikamwambia inaendelea vizuri. Akauliza kama fedha ilitosha. Nikasema ilitosha na kubaki.

Kwa kile kijiko kimoja niliogopa hata kupumua. Nilipasha moto ile dawa ya majimaji inayofanana na ya kwenye rejeta, nikatia gundi yake, na nikadondosha fedha tone baada ya tone kwa saa nzima, mwanafunzi mnyenyekevu kuliko wote duniani. Rangi ilitoka njano ikaenda wekundu, ikafifia, na mwishoni nikaitikisa chupa na kuona mikondo inayong'aa ikizunguka ndani, kama hariri inayooshwa. Nyuzi zilikuwa zimetoka. Nilizipaka kwenye plastiki zile za kuandikia za projekta, zikakauka, nikaweka waya za mita ya umeme kila upande. Mita haikutikisika. Nilipaka nyingine saba. Saba zote zilikuwa safi, laini, unaona ng'ambo, na umeme uliziona kama ukuta. Msimamizi alinishauri niende nyumbani nikapumzike wiki mbili, na nikirudi tuzungumze juu ya kubadili mada. Nilikuwa na mwezi na nusu kabla ya kuwasilisha.

Nilizibeba zile plastiki Karatu ndani ya kitabu, na mita ndogo mfukoni. Koti la maabara nililiacha.

Siku ya kwanza nilikaa kwa Studio tangu asubuhi hadi jioni, nikala machalari ya Mama Studio, ndizi na nyama, sahani mbili, nikazungumzia joto la Dar. Siku ya pili nilizungumzia joto la Dar tena. Studio hakuwa na mteja hata mmoja siku zote mbili. Mtaa wa pili kulikuwa kumefunguliwa mahali pa picha za rangi za papo hapo. Siku ya tatu aliniambia nimwonyeshe. Aliziinua zile plastiki dirishani moja moja, akapiga jicho kwa ubavu, akasema nimepaka vizuri, hamna vumbi. Nilijisikia vizuri kwa muda mfupi.

"Hii ni fedha kidogo sana," akasema. "Nyingine umeiacha Dar?"

"Nyingine haipo, Mzee."

Akageuka kuitazama ndoo. Kisha akanitazama mimi, akaelewa kwamba safari hii natumia Kiswahili.

Nilimweleza yote, pilau nayo. Mama Studio alikuwa amesimama kwenye pazia la ndani na sufuria mkononi, akasikia yote. Studio aliuliza swali moja tu.

"Weupe wake ulikuwa kama maziwa au kama mtindi?"

"Kama mtindi."

"Ukamwaga."

"Nikamwaga."

Aliziweka zile plastiki mezani. "Mtindi ule ulikuwa fedha yote, hata chembe haikupotea," akasema. "Ungeutia kwenye haipo ungeyeyuka, na waya za sufuria zingeirudisha. Kazi ya siku nne. Bomba halikuniharibia kitu, kijana. Uliharibu wewe ulipoficha."

Nikaanza kuzirudisha kitabuni.

Halafu akaniuliza mita inasemaje, jinsi fundi anavyomuuliza fundi. Nikamwambia. Akauliza naikaushaje. Nikasema naiacha ikauke yenyewe. Akatikisa kichwa. Kitu chembamba kikikauka chenyewe, alisema, kila sehemu inakauka kivyake na haishikani na mwenzake. Hata picha ni hivyo. Alivuta kutoka chini ya meza mashine yake ya kukaushia picha: sahani ya chuma iliyong'arishwa mpaka unajiona, inayopashwa moto kwa umeme, na turubai nene la kubana juu yake. Ilikuwa na vumbi. Haikuwa imetumika tangu mvua zilizopita. Aliipangusa kwa kiganja, akaiwasha, akasubiri, akaidondoshea tone moja la maji la kupimia, asikilize linavyolia. Kisha akalaza plastiki yangu uso chini, akavuta turubai, akaegemea kwa uzito wake wote na kuhesabu kimyakimya, midomo ikitikisika. Mimi niliyesoma miaka mitatu nilisimama nimeshika kitambaa.

Alipoifungua niliigusisha mita, na mshale ukaruka. Nilidhani nimegusisha waya zenyewe kwa zenyewe. Nikajaribu tena, ukaruka tena. Tulichukua kitaa kidogo cha tochi ya Kichina, betri mbili, na vipande vya karatasi ya fedha kutoka kwenye pakiti ya majani ya chai, tukaviunganisha kupitia ile plastiki. Kikawaka. Kilikuwa dhaifu, lakini kiliwaka, na kupitia plastiki hiyohiyo tuliona barabara, lori la mahindi, na mbuzi.

Studio aliikunja ile plastiki taratibu. Kitaa hakikuzimika. Akaikunjua, akaikunja tena, na uso wake ulikuwa ule ambao alitukataza sisi wote.

Mama Studio alisogea, akaichukua kwa ncha za vidole, akaiinua kuelekea mlangoni.

"Hii ndiyo pete yangu?" akauliza.

"Ndiyo hiyo," Studio akasema.

Akaitazama kwa makini, mbele na nyuma. "Siioni," akasema, akanirudishia, akaenda kuendelea na mapishi.

Nilifaulu. Kwenye ripoti niliandika kwamba nyuzi zilibanwa kwa joto ili zishikane, na walipouliza wazo nililipata wapi, nilijibu kwamba ni kwa majaribio. Kwenye ukurasa wa shukrani nilimshukuru Mungu, msimamizi, wazazi, wenzangu wa chumba namba kumi na mbili kwa jina, na "fundi mmoja". Niliandika hivyo kwa sababu kumtaja vizuri kungehitaji nieleze donge, na donge lingeleta sinki. Plastiki yenyewe niliyowasilisha ilianza kugeuka kahawia baada ya miezi michache, kama kijiko cha fedha kilichosahauliwa kabatini, na ikaacha kupitisha umeme. Ya kwanza, ile ya siku ya kitaa, nilimwachia Studio.

Sikuwa mwanasayansi. Niliomba kazi kila mahali penye neno maabara, na nchi ikanijibu kwa ukimya wa heshima. Dereva mmoja wa wale wa kiazi alinitafutia nafasi kwenye kampuni ya safari, na mpaka leo nawashusha wageni kreta na kuwaambia faru yuko wapi, mara nyingi asipokuwepo. Ukungu wa ukingoni naufuta kwa kitambaa. Wageni wakiniuliza nimesomea nini nasema fizikia, wanacheka, wanadhani ni utani wa madereva.

Studio alifunga studio na wakahamia kwenye nyumba yao ndogo nje ya mji, njia ya kwenda Oldeani. Kwa karibu miaka mitatu nilipita jirani na nyumba hiyo kila wiki na sikuingia. Nilijiambia nina wageni garini. Wakati wa mvua za Aprili wageni hawapo, nikaishiwa sababu.

Mama Studio alinipokea getini, akachukua sukari na mkate, akanishika mkono kwa muda. Aliniambia mzee siku hizi anakwenda na kurudi, na leo hajui kama yupo. Studio alikuwa barazani, blanketi magotini, amenyoka kama mtu anayepigwa picha. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, akatazama kaki yangu na kofia.

"Karibu, dereva," akasema. "Unatoka kreta?"

Nikasema ndiyo. Tukaongea habari za barabara. Kisha akaniuliza kama nimewahi kusikia habari za kijana wa Rhotia aliyetengeneza plastiki ya fedha inayopitisha umeme. Nikasema sijawahi. Akafurahi kumpata asiyejua, akasogeza kiti.

Alinisimulia yote, na alisimulia vizuri. Donge, chuo, bomba, mtindi. Hakukosea kipimo hata kimoja. Ila alipofika kwenye sinki, sinki halikuwepo. Kwa maelezo yake, yule kijana alipoona weupe kwenye chupa aliiziba palepale, na kesho yake asubuhi akapanda basi.

"Akaingia hata salamu hakumaliza," Studio akasema. "Akasema, Mzee, nimeharibu."

"Ukamwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Mtu amepakata kosa lake kutoka Dar mpaka Karatu, na hajamwaga hata tone. Nikamwambia akae, anywe chai. Tukairudisha fedha yote, siku nne." Akanitazama usoni, kwa ule ukali wake wa zamani. "Una watoto, dereva?"

"Wawili, Mzee."

"Wafundishe hivyo."

Nikamtazama Mama Studio. Alikuwa anamimina chai na hakuinua macho. Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni, na ilikuwa na nusu mbili: kwamba kijana huyo ni mimi, na kwamba haikuwa hivyo. Nimependa kusifiwa tangu nilipovaa koti la kaka yangu, na ile nusu ya kwanza ilikuwa tamu. Lakini haingetoka bila ya pili, na ya pili ingemchukulia mzee kitu ambacho nilikwisha kumchukulia mara moja.

"Yuko wapi sasa huyo kijana?" nikauliza.

"Mbali huko," akasema, akaelekeza kidole upande wa mashamba ya kahawa, ambako mvua ilikuwa imeanza tena. "Watu wa namna ile hawakai."

Mama Studio akasogeza kikombe mbele yangu, akakigeuza mpini uwe upande wa mkono wangu.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Inapoa."

Ilikuwa na tangawizi nyingi mno. Niliinywa yote.